Mgongo wa Fundi Sikio

Injini ilikuwa inagonga, nyie!

Hapo ndipo tulipokatia, na najua wapo waliolikunja gazeti kwa hasira na kuniita majina. Haya, hasira zishuke. Turudi kwenye yadi ya kuuzia magari tuwakute kama tulivyowaacha: gari dogo jekundu linanguruma, boneti liko wazi, na Fundi Sikio ameinama na bisibisi lake refu. Ncha ya bisibisi imekita ubavuni mwa injini, mpini umekita sikioni mwake.

Kwa anayeingia leo, Fundi Sikio ni yule makanika anayesikiliza injini kama daktari anavyosikiliza kifua. Mtaa mzima haununui gari mpaka yeye aseme neno. Na neno alikuwa ameshalisema.

"Injini nzima. Shemeji, lichukue."

Shemeji mwenyewe ni mdogo wa marehemu mkewe. Mama wa watu aliachia pumzi kama aliyetua mzigo. Mumewe amepooza miguu, na kila wiki lazima afikishwe hospitali kwa mazoezi. Madereva wa kukodi walishachoka kumwinua, siku hizi wakiona simu yake hawapokei. Gari dogo lenye kiti kinacholala nyuma ndicho kitu pekee alichokuwa akikililia. Mkono wake ulikuwa umeshaingia kwenye pochi.

Nyuma yao alisimama Pindo, binti wa fundi. Ni fundi cherehani, na jina hilo alipewa na mama yake, kwa sababu tangu utotoni hakuweza kuona upande wa nguo ukining'inia bila kuukunja. Lakini amekulia gereji, kati ya matairi na makopo ya grisi. Masikio yake yamelelewa huko.

Naye alikuwa anasikia.

Ko. Ko-ko. Ko.

Ulikuwa mlio wa chini, umefunikwa na ngurumo. Kwenye usukani alikaa mwenye yadi, wanayemwita Asali kwa utamu wa ulimi, na kila mlio ulipotaka kujitokeza alikanyaga mafuta kidogo. Asiyejua angedhani anaonyesha nguvu ya gari. Anayejua hadanganyiki: beringi za krenki zimelika, chuma kinapigana na chuma. Injini ya namna hiyo haitengenezwi kwa maombi. Inasubiri tu barabara ya kunoki, ijishike na kuzima ghafla.

"Baba," Pindo aliita.

Baba hakugeuka.

"Baba!"

Fundi Sikio aliendelea kutabasamu na injini yake.

Pindo alizunguka mpaka mbele. Hapo ndipo baba alipomwona, akamtazama midomo, akasema kwa furaha, "Umeona kitu safi hicho, mwanangu?"

Alimtazama midomo, wapenzi wasomaji. Macho hakumtazama.

Mambo aliyoyapita kila siku bila kuyaona yalimjia Pindo kwa mkupuo. Baba asiyepokea simu tena, anasema inamchosha. Baba anayekaa daima akiutazama mlango. Baba anayemwambia kila mteja, "Hebu njoo huku kwenye mwanga unieleze vizuri." Redio ya gereji, iliyokuwa haizimwi tangu asubuhi, imekaa na vumbi tangu mama azikwe mwaka jana, na Pindo alidhani ni majonzi.

Hayakuwa majonzi tu. Fundi Sikio alikuwa hasikii.

Hebu jitie kwenye viatu vya binti huyu. Akisema "linagonga", yadi nzima itajua kwamba sikio linaloheshimiwa na mtaa limekufa, na baba atabaki na nini? Mke hana, nguvu za kubeba giaboksi hana, ana jina tu. Akinyamaza, mama mdogo atanunua chuma chakavu, na siku moja mtu asiyeweza kutembea atakwama katikati ya njia juani.

"Basi tuandikishane," Asali alisema kupitia dirishani. "Mama, umepata bahati. Gari hili nilikuwa namfichia mdogo wangu."

"Subiri kidogo," Pindo alisema.

"Subiri ya nini tena, dada? Mzee ameshapitisha."

Pindo alirudi nyuma ya baba yake. Hakuwa na mpango wowote. Aliweka kiganja mgongoni mwake, kwenye lile ovaroli lililofifia, ili amgeuze taratibu wakaongee pembeni. Ila mkono wa mshonaji una tabia zake. Unapokaa karibu na mashine huanza kuifuata wenyewe. Vidole vyake vikaanza, bila yeye kuviagiza, kupiga kile alichokuwa anakisikia.

Ko. Ko-ko. Ko.

Mgongo wa baba ulikakamaa.

Hakugeuka. Bisibisi lilibaki sikioni, lakini tabasamu lilikufa pale pale. Pindo alitaka kuuondoa mkono, akadhani amemkera.

"Usiutoe," baba alisema. "Endelea."

Akaendelea. Akahisi mbavu za baba yake zinatikisika chini ya kiganja, na haikuwa injini.

"Zima gari," Fundi Sikio alisema.

"Mzee wangu, tumeshamaliza, wacha..."

"Nimesema zima!"

Asali alizima. Yadi ikawa kimya. Hata muosha magari mmoja upande wa pili alibana mpira wa maji asikilize kuna nini.

Fundi alimgeukia binti yake, macho yamejaa. Akamsogelea karibu kabisa, kama mtu anayetaka kumnong'oneza siri.

"Nani alikufundisha?"

"Kunifundisha nini, baba?"

"Kunigongea mgongoni. Mama yako ndiye alikuwa ananigongea hivyo. Mimi sisikii, mwanangu. Nina miaka sisikii. Yeye ndiye alikuwa anasikia, mimi nasema."

Alidhani ananong'ona.

Maskini ya Mungu! Asiyesikia hajui sauti yake imefika wapi. Ile siri aliyoifunika miaka yote ilipita juu ya mapaa ya magari, ikamfikia muosha magari, ikawafikia bwana na bibi waliokuwa wakikagua gari jeupe kule mwisho, ikamfikia mlinzi getini. Pindo alinyanyua mkono kumziba mdomo, akaurudisha. Ulikuwa umechelewa, na ni mkono wa aibu gani huo wa kumziba baba yako mdomo?

Mama mdogo aliegemea mlango wa gari, akafumba macho.

Asali akashuka. Sura ilikuwa ile ile, lakini utamu wote ulishamtoka.

"Jamani, tusileteane maigizo. Fundi amesema injini nzima mbele ya mashahidi. Mama, maliza tulichoanza."

"Hatununui," Pindo alisema.

"Kwa lipi?"

"Linagonga."

"Kwa ushahidi wa nani? Wa mshona sketi?"

Pindo aliinama kwenye injini, akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakinyanyua juani. Wote walikitazama. Oili ya injini ndogo hutiririka upesi. Hii ilining'inia kwenye ncha, nene, haitaki kudondoka.

"Haya ni mafuta ya malori," alisema. "Umeyamimina ili chuma kisipige kelele."

"Mafuta ni mafuta."

"Na tulipofika niliegemea boneti nikaungua. Gari linalouzwa, limepaki, lilikuwa limetoka safari gani asubuhi yote hii?"

Wewe unayejiandaa kununua gari, hapa kata uweke mfukoni. Ukikuta injini ya moto kabla hujaiwasha mwenyewe, jua imepikwa kwa ajili yako. Aga kwa heshima, rudi siku nyingine alfajiri, tena usipige simu kwamba unakuja. Injini ikiwa baridi haijui kuficha: kama ina kikohozi itakohoa, kama ina moshi wa bluu utauona wote.

Pindo hakuishia hapo. Aliingiza mkono dirishani, akazungusha ufunguo nusu, bila kuwasha. Taa za dashibodi zikawaka: ya betri, ya breki, ya mkanda.

"Ya oili iko wapi?"

"Imeungua."

"Imeungua yenyewe tu, wenzake wote wazima?"

"Dada, gari lina umri. Hata wewe ukizeeka kuna vitu vitazima."

Muosha magari alicheka, kisha akajuta. Kwani hata mtoto wa juzi angeelewa: taa ile ndiyo inayopiga kelele kwamba oili haipandi, na mtu alikuwa ameing'oa makusudi ili dereva asijue kitu mpaka siku injini itakapojishika.

Bwana na bibi wa gari jeupe walitazamana, wakaondoka bila kuaga.

Hapo Asali akavimba. Mteja mmoja kukimbia ni ajali, wawili ni vita.

"Sawa!" alisema. "Gari linagonga. Nani kalipitisha? Baba yako. Sasa nendeni mkatangaze. Semeni Fundi Sikio ni kiziwi. Mnadhani nitaumia mimi?"

"Wewe ulikuwa unajua," Pindo alisema.

Aliyasema polepole, maana ndiyo kwanza yalikuwa yanamwingia.

"Ulikuwa unajua kwamba hasikii. Ndiyo maana kila mnunuzi unamwambia, 'Mlete Fundi Sikio alisikilize, mimi sina wasiwasi.' Mama mdogo, si ndivyo alivyokwambia?"

Mama mdogo aliitikia kwa kichwa.

"Nilijua tangu msibani kwenu," Asali alisema, wala hakuona haya. "Nilimpa pole kwa nyuma. Nikaita jina lake, hakugeuka. Nikaita tena. Nikajua yule mama alikuwa anafanya nini pale gereji siku zote."

Msibani! Watu wanalia, jeneza bado liko sebuleni, na mtu anapima sikio la mfiwa kwa ajili ya biashara. Nimeandika mabaya mengi kwenye ukurasa huu, lakini hili liliniuma kuliandika.

Fundi Sikio alikuwa akimtazama Asali midomo, neno kwa neno. Hakuruka lolote.

"Magari mengine," alisema. "Yale niliyoyapitisha hapa kwako tangu mke wangu afe. Yalikuwa mazima?"

Asali alitazama pembeni.

"Nitazame ukiongea! Yalikuwa mazima?"

"Mengine," Asali alisema.

"La kinyozi je? Lile la kijivu? Ana watoto yule."

Asali alivuta kola yake. Kisha akachagua kuwa mkatili.

"La kijivu lilitoka gereji moja na hili jekundu. Fundi wangu mmoja ndiye aliyeyapika. Lakini ulilipitisha wewe, mzee. Uliweka bisibisi lako, ukasema 'nzima', kinyozi akakushika mkono kwa mikono miwili. Mimi nilisimama tu."

Fundi Sikio alilishusha boneti la gari jekundu taratibu, akalibana kwa viganja mpaka likashika, kama anavyofanya kwa gari la mteja yeyote. Kisha akamgeukia shemeji yake.

"Na wewe, shemeji? Hukushtuka niliposema. Pindo ameshtuka, muosha magari ameshtuka. Wewe umefumba macho tu."

Mama mdogo alilia kwanza, ndipo akaongea. Alijitahidi kuuweka uso wake sawa ili aweze kusomeka.

"Nilijua, shemeji. Dada aliniambia akiwa hospitali. Alisema, 'Nikiondoka, msimwache akae gereji bila mtu wa kumpelekea injini. Siku atakayokosa kazi ndiyo siku atakayonifuata.' Aliniapisha."

"Ukaniletea kazi."

"Nikakuletea kazi."

"Mama mdogo!" Pindo alipiga ukelele. "Ulitaka kununua gari bovu huku unajua?"

"Sikujua ni bovu. Nilidhani mikono yake inatosha. Amezishika injini umri wote. Nilisema, hata kama haisikii ataihisi." Alijifuta kwa upande wa khanga. "Na kama ningejua ni bovu, sijui, mwanangu. Mume wangu anamheshimu baba yako kuliko ndugu zake wa damu. Pengine tungelinunua tukalisukuma."

Pindo alikuwa amekuja yadini akiwa na baba mwenye sikio na mama mdogo mwenye shida ya gari. Sasa hakujua nani amlilie kwanza.

Waliondoka kwa miguu. Mama mdogo aliwaaga njia panda. Alikuwa hana gari, na mgonjwa alikuwa akimsubiri nyumbani ajue limekuwa la rangi gani. Alimshika shemeji yake bega, akalibana, akaenda zake bila kugeuka nyuma.

Baba na binti wakashika njia ya gereji. Pindo alitembea hatua moja mbele, kiubavu, ili baba aone mdomo wake. Kabla ya siku hiyo hakuwahi kutembea naye hivyo, na ilimuuma kwamba mama yake alikuwa ametembea hivyo miaka mingi, na yeye akamcheka kuwa anatembea kama kaa.

"Kwa nini hukuniambia, baba?"

"Ningekwambia nini? Kwamba Sikio hana sikio?"

"Mimi ni mwanao."

"Ndiyo maana." Alitembea kidogo. "Lilianza taratibu. Nyundo, mashine ya kusagia chuma, injini zisizo na silensa, umri wote. Kwanza nikapoteza ndege, sikuwasikia tena asubuhi, nikadhani wamehama. Halafu nikawa sisikii maneno. Mama yako akagundua siku niliyoipitisha injini ya jirani ikiwa imechoka. Hakusema kitu. Kesho yake akaja na chupa ya chai, akasimama karibu yangu, akaniwekea mkono mgongoni. Injini ikigonga, anagonga. Ikikosa silinda moja, anaruka kidole. Valvu zikilia, anakwaruza kwa kucha. Tukaelewana hivyo hivyo."

Pindo aliikumbuka picha hiyo. Nani asiyeikumbuka? Vijana wa mtaa walikuwa wakipiga miluzi: "Angalieni mapenzi ya wazee hayo, hata mbele ya wateja!" Mama alikuwa anacheka, mkono hautoki mgongoni. Kumbe mkono ule ulikuwa na kazi mbili kwa wakati mmoja, na zote mbili ni mapenzi.

"Alipokufa," baba alisema, "nilifunga gereji. Unakumbuka. Nilitaka nisifungue tena. Ndipo Asali akaja na mteja. Akasema, 'Mzee, bila wewe mtaa huu unauziwa mbuzi kwenye gunia.' Nikafurahi. Mimi na uzee wangu, nikafurahi kama mtoto aliyesifiwa. Nikaweka bisibisi, nikahisi mtetemo kidogo mkononi, nikajiambia unatosha. Mtetemo haukutosha, Pindo. Moyoni nilijua hautoshi. Niliogopa tu kukaa mwenyewe kwenye lile benchi."

Alisema hayo kwa ile sauti yake kubwa, na watu madukani wakageuka. Pindo hakumnyamazisha. Alimshika mkono barabarani, kitu ambacho hakukifanya tangu akiwa msichana wa shule.

"Tufanyeje?" aliuliza.

Baba alisimama.

"Tunaanza kwa kinyozi. Namwambia asiliwashe tena lile gari, hata kwenda sokoni. Halafu mwingine, halafu mwingine, mpaka wote nimewafuata. Kila mmoja nitamwambia kwa mdomo wangu kwamba nilimdanganya."

"Watakutukana."

"Sitasikia," alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akacheka. Pindo naye akacheka, machozi yanamtoka, wakasimama katikati ya watu wakicheka na kulia mpaka mwenye duka la simu akatoka kuwachungulia.

"Kisha wewe utakuwa unakuja gereji asubuhi kabla ya cherehani," baba alisema. "Kidogo tu. Tukiwaambia watu ukweli kwamba mimi nina mikono na wewe una masikio, wapo watakaokuja. Si lazima waje wengi."

"Nitakuja."

"Utaweza?"

"Nimeshaweza leo, baba."

Mabega ya mzee yalishuka. Ni kama mtu amemfungua kamba aliyoizoea mpaka akaisahau. Kwa muda ule mfupi Pindo alimwona baba yake wa zamani, na akaamini kwamba jina linaweza kupotea na mtu akabaki.

Walipita gereji kuchukua koti na spana za kufungulia injini, maana baba alitaka kuifungua ile ya kinyozi leo leo, bure, hata kama itachukua wiki. Waliingia kwa mlango wa nyuma. Ndani kulikuwa na joto na harufu ya grisi.

Kwenye benchi la mbele, pale wateja wanapokaa, alikuwa amekaa mtu.

Pindo alimtambua kwa mgongo. Ni yule kinyozi. Mkono mmoja ulikuwa umefungwa bendeji mpaka kiwikoni. Nje ya lango, nyuma ya gari la kuvuta, lilining'inia gari la kijivu. Mbele lilikuwa zima, hata vumbi halina. Nyuma halikuwepo. Kuanzia viti vya abiria lilikuwa limekunjwa na kusukumwa ndani.

Fundi Sikio hakuliona, wala bendeji hakuiona. Jua la nje lilikuwa linampiga machoni. Alichokiona ni kinyozi, yule yule aliyekuwa akienda kumtafuta, amejileta mwenyewe, mzima, amekaa benchini kwake. Uso wa mzee ukachanua.

"Karibu sana!" alisema. "Nilikuwa nakuja kwako sasa hivi. Haya, gari linasemaje?"

Kinyozi hakuinua kichwa. Aliongea akitazama sakafu, sauti imekauka.

"Ilizima mlimani, fundi. Ghafla. Ilijishika, ikagoma hata kusogea. Lori lilikuwa nyuma yetu, halikuweza kusimama." Alivuta pumzi, akashindwa, akavuta tena. "Mimi nilikuwa mbele na mke wangu. Watoto walikaa nyuma."

Spana aliyokuwa ameichukua ilimponyoka Pindo, ikalia sakafuni. Baba hakuisikia.

"Sijaja kwa ubaya," kinyozi aliendelea, bado anaiambia sakafu. "Wenzangu wananiambia niende polisi. Nikasema hapana, yule mzee aliisikiliza kwa sikio lake, hawezi kuwa alikosea. Nimeileta uisikilize tena. Uniambie nilifanya kosa gani njiani."

Fundi Sikio alisubiri midomo inyanyuke aweze kuisoma. Haikunyanyuka. Akatabasamu zaidi, lile tabasamu lake la wateja, akampapasa kinyozi begani kwa upole, kisha akamgeukia binti yake.

"Anasema nini, mwanangu?"